Neno refu la Kihispania halimezwi zima

Ndugu Mhariri,

Safu yenu ya Kihispania naisoma kila Jumamosi hapa Madrid, asubuhi, kabla wanafunzi wangu hawajafika. Nilifurahi sana mlipoianzisha. Ila makala ya majuma mawili yaliyopita imenikaa rohoni. Mwandishi wenu alisema msomaji mzoefu hulitambua neno kama mtu anavyoitambua sura ya jirani yake, zimazima, bila kulichambua. Kwa hiyo mwanafunzi akariri maneno 20 kila siku, kwa mpangilio wa alfabeti, hadi sura zote zimkae kichwani. Sikubaliani naye, na kwa kuwa wanaowasikiliza ninyi ni wengi kuliko wanaonisikiliza mimi, naomba nafasi nieleze kwa nini.

Nafundisha watu wazima kusoma Kihispania, mwaka wa 14 sasa, katika chumba kimoja mtaa wa Lavapiés. Wote ni wasemaji wa Kiswahili: wauguzi, wapishi, mafundi, akina mama wanaotunza wazee majumbani. Hawaji kwangu kutafuta riwaya. Wanakuja na bahasha. Ndani mna barua ya manispaa, ya mwenye nyumba au ya ofisi ya ajira, na katikati ya barua limelala neno moja refu lililowanyima usingizi.

Mara nyingi neno lenyewe ni empadronamiento. Lina herufi 15, na anayeishi Hispania halikwepi, kwa sababu sheria inamtaka kila mkazi ajiandikishe kwenye manispaa ya mahali anapoishi. Dada mmoja aliwahi kunionyesha daftari lake: alikuwa ameliandika neno hilo kurasa tatu, mstari kwa mstari, na bado kila akiliona kwenye barua macho yalimganda. Nikaweka kidole kimoja juu ya mwanzo wa neno na kingine juu ya mwisho wake, nikamwachia cha katikati tu: padrón. Hilo ni daftari la wakazi. Nikafunua mwanzo nikamwandikia kitenzi, empadronar, kumtia mtu katika daftari hilo. Kisha nikafunua mwisho, -miento, kinachogeuza kitenzi kuwa jina la tendo. "Kumbe ni uandikishaji tu, Mwalimu," akasema. Alikuwa amekwisha lijenga upya kwa Kiswahili bila kuambiwa: u- huku, -ji kule, andikisha katikati.

Lakini lililonishika zaidi lilitokea juma lililofuata. Alikuja na barua nyingine yenye neno incumplimiento, ambalo hakuwahi kuliona maishani mwake, na akalisoma peke yake. Cumplir alikuwa analijua, kutimiza. Kiambishi -miento alikuwa nacho tangu juma lililopita. Na in- alikwisha kutana nacho katika injusto, isiyo haki. "Wanasema kuna jambo sikulitimiza," akaniambia, na ndivyo barua ilivyosema. Sasa namwuliza mwandishi wenu: jirani ambaye hujawahi kumwona hata siku moja, sura yake utaitambuaje?

Wanasaikolojia wa lugha wamelihangaikia jambo hili muda mrefu. Mwaka 1975 Marcus Taft na Kenneth Forster, wakishughulika na Kiingereza, walidai kwamba msomaji akikutana na neno lenye kiambishi awali hukivua kwanza kile kiambishi, ndipo alitafute shina. Wengine walishikilia kinyume chake, kwamba kila neno limehifadhiwa zima kichwani, na nadhani huko ndiko mwandishi wenu alikochota. Kwa Kihispania kazi nyingi imefanyika katika miji ya La Laguna, Oviedo, Valencia, San Sebastián na hapa Madrid, na lugha yenyewe inawapa watafiti mali tele ya kupimia, maana hujenga maneno kwa viambishi bila kuchoka.

Kipimo chao cha kawaida ni rahisi kukieleza. Unakaa mbele ya skrini. Herufi zinatokea, kama ni neno la Kihispania unabonyeza kitufe cha ndiyo, kama si neno unabonyeza cha hapana, na kompyuta inahesabu umechukua milisekunde ngapi, yaani sehemu ngapi za elfu za sekunde. Ufundi uko katika kile kinachotangulia. Kabla ya neno kutokea, kipande fulani kinapita kwa muda mfupi mno, kama milisekunde 50 hivi, hata msomaji mwenyewe hawezi kusema ameona nini.

Mwaka 2008 Jon Andoni Duñabeitia, Manuel Perea na Manuel Carreiras walichapisha majaribio ya namna hiyo ambayo huyasimulia kila ninapoanza darasa jipya. Walipitisha kiambishi -dad peke yake, kisha wakaleta igualdad (usawa), na watu wakalitambua igualdad upesi zaidi. Wakapitisha neno zima lenye mwisho uleule, brevedad (ufupi), na msaada ukawapo vilevile. Lakini walipotumia mwisho usio kiambishi, herufi tu zilizoangukia pale, kama -men ya certamen (shindano), msaada haukuonekana. Kufanana kwa herufi peke yake, basi, hakukutosha. Kilichosaidia ni kiambishi.

Jaribio jingine linanigusa zaidi kwa sababu linaonyesha jicho likikata hata pale ambapo hakuna cha kukata. Miguel Lázaro na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2016, walipitisha -ero kabla ya jornalero, yaani kibarua, neno lililotoka kwa jornal, ujira wa siku. Likatambuliwa haraka, kama ilivyotarajiwa. Wakapitisha -ero hiyohiyo kabla ya cordero. Cordero ni mwanakondoo, na -ero yake si kiambishi hata kidogo. Nalo likasaidika! Wakapitisha -eba kabla ya prueba (jaribio), mwisho ambao haujengi chochote katika lugha, na hakukuwa na faida yoyote. Kwa maneno mengine, mkato hufanyika kabla maana haijaulizwa.

Msomaji wa Kiswahili asilione hilo kuwa geni. Sisi tulifanya hivyohivyo kwa neno kitabu. Lilitujia kutoka Kiarabu, na ki- yake haikuwa kiambishi. Ilikuwa sehemu ya neno lenyewe. Masikio yetu yakasikia ki-, yakakata, yakaleta vitabu. Jicho la Mhispania likikutana na cordero hupita njia hiyohiyo kwa sehemu ndogo ya sekunde. Yeye hujirudi papo hapo. Sisi tuliendelea nayo, ikawa sarufi.

Mimi mwenyewe Kihispania nilikisoma kwanza kwenye vibao vya maduka. Panadería, frutería, zapatería, peluquería, ferretería, cerrajería. Mwezi haukuisha kabla sijajua kwamba -ería ni mahali pa kazi au pa biashara, na hakuna aliyenifundisha. Pan ni mkate, panadero ni mwokaji, panadería ni mahali pake. Zapato ni kiatu, zapatero ni fundi viatu, zapatería ni duka la viatu. Ndiyo maana siku nilipoona tontería katika kichwa cha habari gazetini, nilianza kutafuta duka. Tonto ni mpumbavu, na tontería ni upuuzi. Nakumbuka vizuri kabisa jinsi jicho langu lilivyokuwa limekwisha kata na kuipeleka -ería dukani kabla akili haijaona kwamba sentensi inazungumzia hotuba ya mwanasiasa. Nilikuwa sijasoma utafiti wowote wakati huo, lakini tangu siku ile sijaweza kuamini kwamba maneno humezwa mazima.

Hata hivyo mwandishi wenu hakukosea kila kitu, na nataka kumtendea haki. Yapo maneno ambayo ukiyakata unajipotezea muda. Bolsillo ni bolsa, mfuko, pamoja na -illo ya udogo, lakini leo ni mfuko wa suruali au wa koti, na hakuna anayefikiri juu ya udogo wake. Ventanilla ni dirisha la kuhudumia watu ofisini. Bombilla ni balbu, na mwanafunzi akienda kutafuta bomba ndani yake hatafika popote. Mwaka 1988 Alfonso Caramazza, Alessandro Laudanna na Cristina Romani, waliochunguza Kiitaliano, walipendekeza kwamba njia zote mbili zipo: neno tunalolijua hufikiwa zima, na lile tusilolijua hufikiwa kwa vipande vyake. Hapo naweza kukaa meza moja na mwandishi wenu. Ila wanaosoma safu yenu si wazoefu. Maneno wasiyoyajua ndiyo mengi, na hayo ndiyo yanayohitaji vipande.

Kuna jambo jingine ambalo lazima niliseme wazi, kwa sababu lilimgharimu mwanafunzi wangu. Kaka mmoja, msomi mzuri wa Kiingereza, alipata chumba cha kupanga. Karatasi ya fundi aliyekikagua ilisema inhabitable. Kwa Kiingereza neno la herufi hizohizo, moja baada ya moja, maana yake ni kwamba mahali panafaa kuishi. Akatoa amana. Kwa Kihispania in- hiyo ni ya kukanusha: habitar ni kuishi mahali, habitable ni panapofaa kuishi, inhabitable ni pasipofaa. Alikuwa amelitambua neno zimazima, sura aliyoizoea tangu shuleni, na sura hiyo ilikuwa ya mtu mwingine. Alikuja kwangu na karatasi ile wakati fedha zimekwisha toka, na tulipoyapanga maneno yale matatu ubaoni alinyamaza kwa muda mrefu. Kila ninaposikia mtu akihimiza wanafunzi wakariri sura za maneno, namkumbuka yeye.

Wala sisemi kwamba ukijua viambishi umemaliza kazi. Viambishi vya Kihispania vina tabia zake, na mwalimu asipozisema atawapoteza watu. Chukua -ón. Kwa kawaida hukuza: silla ni kiti, sillón ni kiti kikubwa cha kupumzikia. Lakini callejón ni kichochoro, chembamba kuliko calle, barabara ya mtaa. Ratón ni panya mdogo kuliko rata. Na pelón, kutoka pelo, nywele, si mwenye nywele nyingi bali asiye nazo. Au -ero: panadero ni mtu, limonero ni mti wa malimau, salero ni chombo cha chumvi, gallinero ni banda la kuku. Shina linakupa nusu ya habari na sentensi inakupa iliyobaki. Yapo pia maneno ambayo shina lake limekwisha kufa. Desahucio, kuondolewa katika nyumba kwa amri, lina des- unayoiona kwa macho, lakini ahuciar, kumpa mtu matumaini, halisemwi tena. Neno hilo nalifundisha zima, mapema kabisa, kwa sababu wanafunzi wangu hawawezi kungoja hadi walikute mlangoni.

Kwa msomaji wa magazeti, faida kubwa kuliko zote naiona katika -azo. Mpenzi wa soka anaijua bila kujua kwamba anaijua: golazo ni bao la kusisimua, cabezazo ni pigo la kichwa. Portazo ni mlango kubamizwa, codazo ni pigo la kiwiko. Nguvu, mshtuko, kishindo. Tarehe 9 Aprili 1948 Jorge Eliécer Gaitán, mwanasiasa mashuhuri wa Kolombia, aliuawa mjini Bogotá, watu wakafurika barabarani na mji ukawaka moto. Siku hiyo inaitwa Bogotazo. Mwishoni mwa Februari 1989 wakazi wa Caracas, mji mkuu wa Venezuela, waliingia mitaani kwa hasira ya kupandishwa kwa nauli na bei ya mafuta, na wengi wakauawa; hilo ni Caracazo. Mwanafunzi aliyejifunza portazo kwa kuubamiza mlango wa darasa letu (kweli tulifanya hivyo, jirani wa chini akalalamika) aliposoma Caracazo kwa mara ya kwanza alisema: "Huko kulipigwa kitu." Hakujua historia hata kidogo, lakini alikuwa ameingia ndani ya neno.

Au kumbukeni Argentina, Desemba 2001. Serikali iliweka kikomo cha fedha taslimu ambazo mtu angeweza kuchukua benki, peso 250 kwa juma. Watu wakakiita corralito. Corral ni zizi, na corralito, pamoja na kuwa zizi dogo, ni kile kizimba ambamo mtoto mchanga huwekwa acheze asitoke. Mwaka 2002 masharti yalipokazwa zaidi wakasema corralón. Shina moja, viambishi viwili, na ndani yake mna hasira ya watu waliozuiwa wasiguse akiba zao. Hakuna kamusi iliyokuwa imewaandalia maana hizo, wala hawakuhitaji kuandaliwa.

Mtu anaweza kusema: Kihispania, kama Kiswahili, huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, basi mwanafunzi atatamka herufi moja moja hadi afike mwisho. Atafika, ndiyo. Lakini akifika mwisho wa herufi 15 amekwisha sahau alianzia wapi. Nimewaona mamia wakifanya hivyo, midomo ikicheza, uso umekunjamana. Paz Suárez-Coalla na Fernando Cuetos, wa Oviedo, walichunguza mwaka 2013 watoto wa Hispania wenye disleksia, yaani wale ambao kusoma kwao ni mlima, na wakaona kwamba vipande vya maneno huwasaidia watoto hao kusoma. Ikiwa mtoto anayehangaika hivyo hupata pa kushika, sioni kwa nini mtu mzima anyimwe.

Wataalamu hawajapatana kwa kila jambo, na ni vizuri wasomaji wenu walijue hilo pia. Mwaka 2007 Duñabeitia, Perea na Carreiras waliripoti kwamba ukibadilishana herufi mbili jirani ndani ya neno msomaji hasumbuki sana, ila ukizibadilishana pale shina linapokutana na kiambishi, basi nafuu hiyo hupotea. Mwaka 2013 Claudia Sánchez-Gutiérrez na Kathleen Rastle walilipima jambo hilo kwa Kihispania na Kiingereza, wasione tofauti, herufi zibadilishwe pale mpakani au ndani ya shina. Ubishi huo ni wa jinsi jicho linavyokata na wakati linapokata, na mimi naufuatilia kwa hamu, lakini sijaona ndani yake sababu ya kuwarudisha wanafunzi kwenye orodha.

Sasa orodha yenyewe. Alfabeti huzitawanya jamaa. Empadronar liko kwenye E na padrón liko kwenye P. Puerta, mlango, na portero, bawabu, zinatenganishwa kwa sababu mkazo ukihama kutoka kwenye shina ue hurudi kuwa o. Vivyo hivyo ie hurudi kuwa e katika diente (jino) na dentista (daktari wa meno), tierra (ardhi) na terreno (kiwanja). Desayuno, kifungua kinywa, liko mbali na ayuno, saumu, ingawa Wahispania nao waliona, kama sisi, kwamba chakula cha asubuhi ni kufungua. Mwanafunzi anayekariri maneno 20 kwa siku anakariri wageni 20. Angepewa ukoo mmoja, angekwenda nyumbani na watu wanaofahamiana.

Yupo mama aliyeliona hili kabla yetu. María Moliner, mkutubi aliyezaliwa mwaka 1900 katika mkoa wa Zaragoza, aliandika nyumbani kwake kamusi ya matumizi ya Kihispania iliyotoka katika majalada mawili, 1966 na 1967, na ndani yake aliyaweka maneno kwa koo, mzazi na watoto wake pamoja. Toleo la pili la mwaka 1998 liliurudisha mpangilio wa alfabeti mtupu, kwa sababu ni rahisi zaidi kutafuta neno hivyo. Kwa kamusi sibishani nalo, maana anayefungua kamusi tayari ana neno mkononi. Safu ya gazeti haitafutwi neno. Inasomwa. Ninayo nakala ya mpangilio wa zamani, niliyoinunua imetumika, na kurasa zake zimelegea kwa kufunuliwa na wanafunzi.

Ombi langu basi ni hili: acheni orodha ya alfabeti. Kila Jumamosi wekeni shina moja na watoto wake, na pembeni kiambishi kimoja na tabia zake, zikiwemo zile za ukaidi kama za pelón. Nafasi ileile mliyonayo inatosha. Nipo tayari kuwaandalia majuma 10 ya kwanza bila malipo. La kwanza ninalo tayari mezani: cumplir, cumplimiento, incumplir, incumplimiento, cumpleaños. Hilo la mwisho ni siku ya kuzaliwa, kutimiza miaka, na yule dada wa barua alipoliona ubaoni alicheka kwa sauti, kwa sababu alikuwa ameliimba kwenye sherehe miaka saba bila kujua kwamba limo kwenye ukoo uleule na incumplimiento ya barua yake.

Wenu,
Mwalimu wa Kihispania,
Lavapiés, Madrid